Unalipwa ngapi kuweka nukta? Kazi ndogo ya mtandaoni ambayo vijana wa Kisii na Nyamira tunaidharau

"Na hiyo inalipa ngapi?"

Aliyeniuliza ni rafiki yangu wa Kebirigo. Tulikuwa tumejikinga mvua ya alasiri ndani ya saiba moja karibu na soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Ukiishi huku unaijua hiyo mvua, haibishi hodi. Alikuwa ameinama juu ya bega langu akichungulia skrini. Nilikuwa nimefungua faili ya maelezo ya programu, na kazi niliyokuwa nikifanya ilikuwa kuongeza nukta pacha. Moja tu.

Nikamwambia ukweli: sufuri. Hailipi hata nauli ya matatu ya kukurudisha Nyamira.

Alicheka mpaka mwenye saiba akageuka. "Boss, uliacha chuo ndio ukuje kuwekea wazungu nukta?"

Nilicheka pia, lakini swali lake halikuniacha. Ni swali la haki, na wengi wenu mngeniuliza hilo hilo. Kila siku tunaambiwa ajira ziko mtandaoni. Serikali ya Jubilee ilituletea Ajira Digital. Kenya Kwanza ikaingia 2022 na ahadi ya kilomita 100,000 za nyaya za faiba, vituo 25,000 vya waifai ya bure, na vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450. Ukizisikiliza vizuri hizo ahadi, zote ni za nyaya na vyumba. Hakuna anayekwambia, ukishaketi ndani ya hicho chumba na waifai imeshika, ufanye nini hasa asubuhi ya kwanza, wewe usiye na digrii wala mjomba Nairobi.

Mimi nina jibu dogo. Si jibu la utajiri, kwa hivyo kama unatafuta njia ya kununua gari kufikia Desemba, hapa si pake.

Tulichokuwa tukifanya usiku

Tuanze na kitu ambacho vijana wengi wa mji huu wanakijua lakini hawakitaji mbele ya wazazi. Kwa miaka mingi, kwa vijana wengi wa vyuo nchini, "kazi ya mtandaoni" ilimaanisha kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Si siri tena. Hata filamu ya hali halisi, The Shadow Scholars ya mwaka 2024, ilihusu waandishi hawa wa Kenya.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Karo ilinishinda nikiwa mwaka wa pili, nikaacha chuo, nikapanga chumba Nyanchwa na wenzangu wawili. Tulikuwa tukifanya oda usiku kwa sababu usiku wetu ndio mchana wa mteja. Sijivunii. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoharamisha biashara hiyo kule England, na sioni ni vipi ningebishana nayo. Kijana wa huko alipata digrii kwa jasho langu, nami nilibaki bila hata cheti.

Kisha Novemba 30, 2022 ChatGPT ikazinduliwa. Chumbani kwetu haikuchukua muda. Oda zilipungua, bei ikashuka, wateja wakaanza kuleta insha iliyoandikwa na mashine wakitaka tu "iguseguse ionekane ya mtu". Mmoja wetu sasa ni mwendeshaji boda. Mwingine alirudi Borabu kwao, kwenye chai.

Lakini kuna kitu hiyo kazi ilituachia, na nadhani hatukijui thamani yake: jicho. Mtu aliyefanya oda za mtindo wa APA kwa miaka mitatu anaona nafasi iliyozidi kati ya maneno kama vile mama mboga anavyoona noti bandia. Anajua mstari wa pili wa marejeleo huingia ndani nusu inchi. Anajua wapi herufi zilale na wapi zisilale. Anajua mteja anaweza kurudisha kazi nzima kwa sababu ya koma moja.

Jicho hilo lina kazi kwingine.

Onyo lililopotea

Kila lugha ya programu, iwe Python, PHP, Perl au Ruby, ina kitabu chake cha maelezo mtandaoni. Watu wa fani hii hukiita nyaraka. Ndicho kinachokuonyesha amri hii hufanya nini, ile inahitaji nini, na uangalie nini usije ukaharibu kazi ya watu.

Kurasa hizo haziandikwi kwa Word. Huandikwa kwenye faili za maandishi matupu, zenye alama ndogo ndogo, halafu programu nyingine husoma hizo alama na kujenga ukurasa unaouona kwenye simu. Kila lugha ina desturi yake. PHP hutumia DocBook, ambapo kila kinachofunguliwa lazima kifungwe. Perl ina mtindo wake uitwao POD. Python, tangu toleo la 2.6 mwaka 2008, hutumia mtindo uitwao reStructuredText na programu ya ujenzi iitwayo Sphinx, iliyoundwa na Georg Brandl kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Nitatumia huo wa Python kwa sababu ndio ninaoujua zaidi.

Sasa tazama hapa. Mwandishi akitaka kuweka angalizo kwenye ukurasa, huandika hivi:

.. note:: Hifadhi nakala ya data kabla ya kuendelea.

Nukta mbili, nafasi, neno, halafu nukta pacha mbili. Ukurasa ukijengwa, unapata kisanduku kizuri chenye hilo angalizo. Lakini mwandishi akichoka, ni saa nane za usiku, akaweka nukta pacha moja badala ya mbili:

.. note: Hifadhi nakala ya data kabla ya kuendelea.

Unadhani mashine itafanya nini? Haitapiga kelele. Itachukulia kwamba hayo ni maneno ya pembeni, kumbukumbu ya mwandishi mwenyewe, na itayaficha. Ukurasa utajengwa vizuri kabisa, safi, bila angalizo. Kwenye faili limo. Kwenye simu yako halimo. Na wewe utaendelea bila kuhifadhi nakala.

Hiyo ndiyo nukta niliyokuwa nikiiweka siku ile ya mvua.

Ziko kasoro nyingine za ukoo huo huo. Kuna kile kialama kidogo cha kuinama kilicho chini ya kitufe cha Esc, wengi hukiita bektiki. Kwenye mtindo wa Markdown, unaotumika sana GitHub, kimoja kila upande kinatosha kuonyesha kwamba neno fulani ni la programu. Kwa reStructuredText lazima viwe viwili kila upande. Mtu aliyezoea Markdown anaweka kimoja, na neno la programu linatokea likiwa limelala kama jina la kitabu.

Kuna vistari viwili vinavyotangulia amri nyingi, kama kwenye --help. Visipozungushiwa bektiki, Sphinx hudhani ni alama ya kawaida ya uandishi na kuvigeuza kuwa kistari kimoja kirefu. Machoni ni sawa. Ukinakili na kubandika kwenye kompyuta yako, amri inakataa. Ni balaa ile ile inayotupata tukinakili mfano kutoka kwenye notisi za Word, ambapo alama za kunukuu zimeshapindwa zikapendeza, na kompyuta haizitambui tena.

Halafu kuna mstari mtupu. Ukianza orodha bila kuacha mstari mtupu kabla yake, mashine haijui aya imeishia wapi na orodha imeanzia wapi, kwa hivyo inavimwaga vyote pamoja. Mtu wa Keroka ataelewa bila kuelezwa. Tangu ugatuzi uje 2013, Kisii na Nyamira wamekuwa wakivutana kuhusu mji huo uko upande gani, na mfanyabiashara wa pale ndiye anayekaa katikati akijiuliza ushuru ampe nani. Mpaka usipochorwa vizuri, wa katikati ndiye huumia.

Anayeumia ni nani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu aliyesema nawekea wazungu nukta.

Mwanafunzi wa chuo kikubwa kule California akikutana na ukurasa ulioharibika, anainua mkono. Ana mhadhiri, ana msaidizi wa mhadhiri, ana wenzake kumi walioketi meza moja. Kijana wa Ekerenyo anayejifundisha Python kwa simu, na bando la saa moja, hana yeyote. Ana huo ukurasa tu. Mfano ukikataa, hasemi ukurasa una makosa. Anasema, mimi ndiye mjinga, haya mambo si ya watu kama sisi.

Najua kwa sababu nilisema hivyo. Nilikaa usiku mbili nikipigana na mfano mmoja wa maktaba ndogo ya Python ambayo sitaitaja. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Ukiwa uliacha chuo, kila kosa unaliona kama ushahidi kwamba walioendelea walikushinda akili. Usiku wa tatu nilibofya kufungua faili chanzo, yaani yale maandishi kabla hayajajengwa kuwa ukurasa. Hatua nzima ilikuwa imeandikwa pale, lakini kwa sababu ya mpangilio mbaya haikuwa ikionekana. Mwandishi alikuwa ameieleza vizuri kabisa, ila haikunifikia.

Nilikasirika, kisha nikafurahi, kisha nikairekebisha. Baada ya siku nne mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, aliikubali na kuandika "asante". Sikuulizwa digrii. Sikuulizwa hata jina la chuo.

Kwa hivyo hapana, siwekei wazungu nukta. Namwekea kijana wa Ekerenyo, na yule wa Tabaka, na mimi wa miaka miwili iliyopita.

Msasa wenye jina

Shangazi yangu hupiga msasa mawe kule Tabaka. Kama hujafika, Tabaka ndiko zinakotoka zile sanamu za jiwe la sabuni unazoziona kwenye maduka ya watalii. Mara nyingi wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake huketi na karai la maji wakisugua, kwa msasa mkali kwanza, kisha laini, mpaka jiwe ling'ae. Sanamu isiyopigwa msasa hainunuliki. Lakini ikifika sokoni Nairobi, hakuna anayeuliza ni nani aliisugua.

Kurekebisha mpangilio wa nyaraka ni kazi ya msasa. Hukuchonga. Lugha ya programu iliundwa na wengine, na maelezo yakaandikwa na wengine. Wewe umesugua tu kona moja. Tofauti ni kwamba huu msasa una jina. Programu huria nyingi hutunzwa kwa Git, mfumo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na Git haisahau. Inaandika nani alibadilisha mstari gani, siku gani, saa ngapi, na kwa nini. Hata ukiongeza nukta pacha moja, inabaki pale na jina lako, na mwajiri yeyote anaweza kuifungua na kuisoma.

Kwa kijana mwenye digrii, hilo ni pambo. Kwa asiye na cheti, ni kitu kikubwa. Huku kwetu kazi huulizwa kwa karatasi. Ukienda ofisini bila karatasi, mazungumzo yanaishia kwa mlinzi getini.

Na hapa naomba wenye sera wanisikilize. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, chini ya sheria ya 2014. Pia ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ule unaoitwa RPL. Kupitia huo, fundi aliyejifunzia kazi Jua Kali anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti bila kurudi kuketi darasani. Ni jambo jema. Fundi wa kulehemu anaonyesha geti alilotengeneza. Fundi cherehani anaonyesha suti.

Swali langu ni hili: kijana mwenye marekebisho 40 yaliyokubaliwa kwenye nyaraka za lugha za programu ataonyesha nini, na ataonyesha wapi? Geti lake liko wazi kwa dunia nzima, lina tarehe, lina majina ya waliolikagua. Ni ushahidi ulio rahisi kuthibitisha kuliko suti. Sioni sababu ya wapimaji kuuacha nje.

Msije mkasema niliwadanganya

Sasa nipande upande wa pili, kwa sababu kuna watu watauza hii habari kama kozi ya shilingi 5,000 wiki ijayo.

Kwanza, hii kazi hailipi. Nairudia kwa sababu ni muhimu. Kuna kampuni tajiri duniani zinazotumia Python kila siku, na nyaraka zinazosomwa na wahandisi wao hurekebishwa pia na watu wa kujitolea. Kijana wa Nyamira anayenunua bando ili asafishe ukurasa huo ana haki ya kuuliza nani anamsaidia nani. Mimi nimejiwekea mpaka: saa mbili kwa wiki, si zaidi, na natafuta unga kwingine. Ukiona mtu anakuhimiza ujitolee saa nane kwa siku "kwa sababu ya uzoefu", muulize yeye analipwa na nani.

Pili, usiende kwa pupa. Oktoba 2020, kampuni ya DigitalOcean iliendesha shindano lake la kila mwaka, Hacktoberfest, ikiahidi fulana kwa washiriki waliotuma marekebisho manne kwenye programu huria, ingawa si kwa wote. Watu walimiminika kubadilisha neno moja hapa, kuongeza "mradi mzuri sana" pale, wapate fulana. Waliosimamia miradi walizikwa na takataka, na siku chache tu baada ya shindano kuanza kanuni zikabadilishwa, kuhesabiwe miradi iliyokubali kushiriki peke yake. Leo hali hiyo imerudi kwa sura ya akili unde. Daniel Stenberg, aliyeanzisha programu ya curl, amekuwa akilalamika hadharani tangu 2024 kuhusu ripoti zinazoandikwa na mashine, ndefu, zenye heshima, na zisizo na ukweli ndani. Ukituma takataka, jina lako pia linabaki pale pale. Git haisahau wema wala ujinga.

Tatu, mashine zinaijua kazi hii pia. Tayari kuna kifaa kiitwacho sphinx-lint ambacho hukagua faili na kunasa makosa kama lile la nukta pacha. Je, si itatumaliza kama ChatGPT ilivyomaliza insha? Kwa kiasi, ndiyo. Lakini mashine inakwambia kwamba mstari una kasoro ya alama. Haikwambii kwamba mfano uko chini ya kichwa kisichofaa, au kwamba jedwali halisomeki kwenye simu ya skrini ndogo. Hilo linaonwa na mtu anayesoma kwa simu ya skrini ndogo. Yaani sisi.

Pesa zipo, ila ziko mbele kidogo. Mpango wa Outreachy, kwa mfano, umekuwa ukilipa dola 7,000 kwa miezi mitatu ya kazi kwenye programu huria, kwa watu kutoka makundi yaliyoachwa nyuma katika fani hii. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni zaidi ya laki tisa. Kazi za nyaraka pia zimo. Na ili uchaguliwe ni lazima kwanza uonyeshe marekebisho uliyochangia kwenye mradi unaouomba. Hayo madogo tunayoyacheka ndiyo mlango. Wanaopita ni wachache, kwa hivyo usiache kazi ya boda leo. Lakini mtu hapiti mlango ambao hajawahi kuukaribia.

Ukitaka kujaribu Jumamosi hii

Usinunue kozi. Fungua ukurasa wowote wa nyaraka za Python unaousoma na utafute kiungo cha kuonyesha chanzo pembeni. Weka faili chanzo na ukurasa sambamba, usome polepole, kama ulivyokuwa ukisoma oda kabla ya makataa. Tafuta neno la programu lililolala wakati halifai kulala, orodha iliyomwagika, kisanduku kilichopotea.

Ukipata kitu, usipakue mradi mzima. Ule wa Python ni wa mamia ya megabaiti na utakumalizia bando. GitHub inakuruhusu kurekebisha faili moja ndani ya kivinjari, hata kwa simu. Ukituma ombi la marekebisho ya nyaraka, mradi wa Python wenyewe hukujengea ukurasa wa majaribio, ukaona jinsi utakavyokuwa. Utatakiwa kwanza kukubali mkataba wa wachangiaji, mara moja tu, na ni bure. Kwa kosa dogo la mpangilio huhitaji kufungua kesi ndefu. Eleza kwa sentensi mbili: kosa ni gani, msomaji anaona nini. Kiingereza chako cha insha kinatosha na kubaki.

Na ujue desturi za wenyewe. Ndani ya programu ya Python mistari huingia ndani kwa nafasi nne. Ndani ya faili za nyaraka zake ni tatu. Usiwafundishe wenyeji jinsi ya kusonga ugali wao.

Kwa wenye vituo vya Ajira na vyuo vya ufundi huku Kisii na Nyamira, ombi langu ni dogo: wiki moja ya Git na kusoma faili chanzo kabla ya kumpa kijana cheti cha "ujuzi wa kidijitali". Mwaka 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kufundisha watoto wa shule kuandika programu. Watoto hao wakikua watasoma nyaraka hizi hizi. Itakuwa vizuri wakikuta kuna watu wa kwao ambao tayari walipita hapo. Ukanda wetu umeshaanza kuonekana. Novemba 2023 DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, si Ulaya.

Yule rafiki yangu

Mwezi uliopita alinipigia. Alikuwa amepata orodha iliyomwagika kwenye maelezo ya programu anayoitumia kuhesabu kilo za chai za nyumbani kwao. Akairekebisha kwa simu, akatuma. Mkaguzi akamrudishia: "Nafasi zako ni nne, sisi hutumia tatu." Alinitukania huyo mkaguzi dakika kumi nzima. Nafasi moja! Nikamkumbusha kwamba hata mteja wa insha alikuwa akirudisha kazi kwa koma. Akanyamaza, akairekebisha.

Ilikubaliwa siku ya tatu, akiwa shambani. Jioni alimwonyesha mamake lile jina lake kwenye skrini, na bendera ndogo ya Kenya aliyoiweka kwenye akaunti yake. Mama alivaa miwani, akasoma jina la mwanawe herufi kwa herufi, akaridhika. Kisha akamrudishia simu na kumuuliza:

"Na hiyo inalipa ngapi, baba?"

Akamwambia bado. Kesho yake akaniomba nimtumie bando, ana kurasa nyingine mbili za kusoma.